Je, Kupe na Viroboto Wanaweza Kumletea Mbwa Saratani?

Mbwa anayelinda lango lako amefikisha umri wa miaka tisa. Jana usiku alibweka kama kawaida, akala chakula chake akamaliza. Asubuhi unamkuta amelala kando ya mlango, hataki kusimama. Ukimfunua mdomo unaona ufizi uliokuwa mwekundu umepauka, na tumbo limevimba. Kufikia jioni anainuka polepole, anakunywa maji na kuanza kutembea tena, nawe unashukuru kwamba amepona. Wiki mbili baadaye anaanguka tena, na safari hii hainuki.

Hali hii inajulikana vyema kwa madaktari wa mifugo. Mara nyingi sababu yake ni saratani iitwayo hemanjiosakoma, yaani saratani ya seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu. Hupenda kuota kwenye wengu, moyo na ini. Uvimbe wake hujaa damu na ngozi yake ni nyepesi, kwa hivyo hupasuka kwa urahisi na mbwa huvuja damu ndani ya tumbo bila tone hata moja kuonekana nje. Damu iliyovuja ikiwa kidogo, mwili huifyonza na mbwa hupata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo humpotosha mwenye mbwa.

Ugonjwa huu huwapata zaidi mbwa wenye umri mkubwa, hasa wa aina ya German Shepherd, Golden Retriever na Labrador. Wakenya wengi wa mijini wakitaka mbwa wa ulinzi humtafuta German Shepherd, kwa hivyo jambo hili haliko mbali nasi. Hata mbwa akipasuliwa na wengu kuondolewa, wengi hufa katika muda wa miezi mitatu hivi. Wakiongezewa dawa za saratani huishi miezi michache zaidi.

Huenda msomaji ukauliza: kwa nini daktari wa watu aandike kuhusu mbwa? Sababu ni mbili. Kwanza, kwa miaka kadhaa sasa watafiti wamekuwa wakijiuliza iwapo saratani hii ina uhusiano na bakteria wanaobebwa na viroboto na kupe, na bakteria hao hao huwashambulia binadamu pia. Pili, wagonjwa wanaofuga mbwa huniuliza swali hilo kliniki, wengine wakiwa na wasiwasi kuhusu watoto wao. Jibu fupi ni kwamba uhusiano huo bado haujathibitishwa. Jibu refu lina mafunzo mengi, na linaweza kuokoa maisha ya mbwa wako.

Mshukiwa ni nani?

Bakteria anayeshukiwa zaidi anaitwa Bartonella. Jina hilo linatokana na daktari Alberto Barton wa Peru, na ni jina la ukoo mzima, si la bakteria mmoja. Kila mmoja katika ukoo huo ana mdudu anayemsafirisha. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kati ya 1914 na 1918, askari wengi waliokaa kwenye mahandaki huko Ulaya waliugua homa iliyoletwa na Bartonella wa chawa. Huko Peru kuna aina inayobebwa na usubi. Aina nyingine hukaa kwa paka na kusambazwa na viroboto.

Njia ya kiroboto ni hii. Akinyonya damu ya paka mwenye bakteria, kiroboto huacha kinyesi chake kwenye manyoya. Paka akijikuna, kinyesi hicho hunasa kwenye kucha. Kucha hizo zikimkwaruza mtoto, bakteria huingia kupitia kidonda. Mbwa naye huweza kuambukizwa na viroboto, na kupe pia wanashukiwa kuwa wabebaji.

Bartonella ana tabia mbili zinazowafanya watafiti wamtilie shaka. Ya kwanza ni kujificha. Huingia ndani ya seli nyekundu za damu na ndani ya zile seli zinazotanda kwenye mishipa, akakaa humo miezi au hata miaka. Ndiyo maana mara nyingi damu ikipimwa haonekani.

Ya pili ni kwamba huzichochea seli hizo za mishipa ziongezeke, zichipue mishipa mipya, na zisife wakati wake wa kufa unapofika. Kumbuka kwamba seli hizi ndizo zinazogeuka kuwa saratani katika hemanjiosakoma.

Kwa binadamu tabia hii si ya kukisia. Huko Peru wagonjwa hutokwa na vinundu vyekundu vilivyojaa mishipa ya damu. Mwaka wa 1885, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Daniel Carrión alijidunga majimaji kutoka kwa vinundu vya mgonjwa ili aujue ugonjwa huo unavyoanza. Alishikwa na homa kali iliyomuua, na kifo chake kikaonyesha kwamba homa hiyo na vinundu hivyo ni ugonjwa mmoja.

Karibu zaidi na kazi yetu, watu walioishiwa na kinga kwa sababu ya virusi vya Ukimwi wanaweza kuota vinundu vyekundu au vya zambarau vinavyoletwa na Bartonella. Vinundu hivyo hufanana sana na sakoma ya Kaposi, ambayo ni saratani inayojulikana mno Afrika Mashariki. Daktari hapaswi kuamua kwa macho. Kipande kidogo hukatwa kikapelekwa maabara, kwa sababu matibabu ni tofauti kabisa. Vinundu vya Bartonella hutoweka mgonjwa akitumia dawa ya kuua bakteria, kama erithromaisini au doksisaiklini, kwa miezi kadhaa.

Hapo ndipo swali la mbwa linapoanzia. Ikiwa bakteria huyu anaweza kuzifanya seli za mishipa ziongezeke hivyo, kisha zikatulia akiuawa, je, akikaa mwilini mwa mbwa miaka mingi anaweza kuzisukuma hadi zisiweze kurudi tena?

Yaliyopatikana Marekani

Utafiti mwingi kuhusu jambo hili umefanywa katika Chuo Kikuu cha North Carolina State nchini Marekani, na kundi la Profesa Edward Breitschwerdt, ambaye ni mtaalamu wa magonjwa ya wanyama. Mwaka wa 2011 kundi hilo lilitangaza matokeo ya kuchunguza vipande vya wengu vya mbwa vilivyohifadhiwa maabara. DNA ya Bartonella, yaani alama yake ya urithi, ilipatikana katika asilimia 26 ya mbwa waliokuwa na hemanjiosakoma. Katika mbwa ambao uvimbe wao wa wengu haukuwa saratani, ilipatikana kwa asilimia 10 pekee.

Mwaka wa 2020 wakatoa matokeo mengine. Safari hii walichunguza mbwa 110 wenye hemanjiosakoma kutoka sehemu mbalimbali za Marekani. Mbwa 80 kati yao, yaani asilimia 73, walipatikana na DNA ya Bartonella katika uvimbe au katika nyama nyingine za mwili. Damu iliyopimwa haikuonyesha kitu. Viini vingine vya damu ambavyo pia hubebwa na wadudu vilitafutwa, lakini vilipatikana kwa mbwa wachache sana.

Ukisoma takwimu hizo haraka haraka unaweza kusema kesi imekwisha. Haijakwisha.

Si kila wingu huleta mvua

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Walisema kweli, lakini mkulima yeyote atakwambia kwamba si kila wingu huleta mvua. Kabla daktari hajasema kitu fulani kinasababisha saratani, yapo maswali ambayo lazima yajibiwe.

Swali la kwanza: nani alitangulia? Uvimbe wa saratani una mishipa mibovu inayovuja, na damu hutuama ndani yake. Hapo ni mahali pazuri pa bakteria kujificha. Ukimkuta mtu amesimama kando ya nyumba inayoungua, huenda ndiye aliyeiwasha, na huenda ni jirani aliyekuja mbio alipoona moshi.

Swali la pili: mbwa wasio na saratani wakoje? Viroboto na kupe wako kila mahali, na mbwa wengi sana hukutana na bakteria hawa. Walio wengi hawapati hemanjiosakoma hata siku moja. Kwa hivyo hata kama Bartonella anahusika, hafanyi kazi hiyo peke yake.

Swali la tatu: ukoo una nafasi gani? Golden Retriever hupata saratani hii zaidi ya mbwa wa aina nyingi, ilhali viroboto hawachagui aina ya mbwa. Hii inaonyesha kwamba urithi una uzito mkubwa.

Swali la nne ndilo kubwa kuliko yote: ukimwondoa bakteria, je, saratani inapungua? Hakuna aliyeonyesha hivyo kwa mbwa. Mpaka jibu hilo lipatikane, tunachoweza kusema ni kwamba wawili hawa wameonekana pamoja mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu wa kutufunza subira. Katika miaka ya 1950, daktari mpasuaji Denis Burkitt alikuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona watoto wengi wenye uvimbe wa taya uliokua kwa kasi ya kutisha, na mwaka wa 1958 akaandika kuuhusu. Baadaye alisafiri kwa gari nchi nyingi za Afrika akiuliza ugonjwa huo unapatikana wapi. Ramani yake ilionyesha sehemu zenye joto na mvua, zile zile zenye malaria. Ilionekana wazi kwamba lazima kuna kirusi kinachobebwa na mbu.

Mwaka wa 1964 kirusi kilipatikana kweli, na watafiti wa London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong. Lakini hakibebwi na mbu. Huenezwa kwa mate, na karibu kila mtu duniani anacho. Mbu alikuwa na hatia nyingine: malaria anayoleta, ikimshika mtoto mara kwa mara, huivuruga kinga yake na kukipa kirusi hicho nafasi. Mwaka wa 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka malaria ya sehemu zinazosumbuliwa sana nayo katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani. Eneo la Ziwa Victoria, pamoja na magharibi mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu ambako uvimbe wa Burkitt huonekana sana.

Funzo ni kwamba uhusiano unaweza kuwa wa kweli na bado usiwe vile tulivyodhani mwanzoni. Huenda ndivyo itakavyokuwa kwa Bartonella na mbwa.

Wazo hili si upuuzi

Wapo watakaosema kwamba saratani haiwezi kuletwa na viini. Hao nao wakumbushwe historia. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na pilipili. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waliposema katika miaka ya 1980 kwamba chanzo ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, wengi hawakuwasadiki. Mwaka wa 1994 bakteria huyo aliorodheshwa rasmi miongoni mwa visababishi vya saratani ya tumbo la binadamu, na mwaka wa 2005 wawili hao wakatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Wanyama nao wana mifano yao. Ikiwa una ng'ombe mashambani unaijua ndigana kali. Huletwa na kupe, na kiini chake, ambacho si bakteria, huingia ndani ya seli nyeupe za ng'ombe na kuzilazimisha ziongezeke bila kikomo kama za saratani. Kiini kikiuawa kwa dawa, seli hizo huacha kuongezeka.

Mbwa wenyewe wana mnyoo aitwaye Spirocerca lupi, ambaye amepatikana kwa mbwa wa hapa Kenya. Humpata mbwa akila wale wadudu weusi wanaoviringisha mavi, au mnyama mdogo aliyewala. Mnyoo huyo hujenga vinundu kwenye umio, na kwa baadhi ya mbwa vinundu hivyo hugeuka kuwa saratani.

Kwa hivyo watafiti wanaomfuatilia Bartonella hawafuati ndoto. Wanafuata njia iliyowahi kupitwa.

Ufanye nini nyumbani?

Kwanza, usikimbilie duka la dawa za mifugo kununua vidonge vya kuua bakteria ili kumkinga mbwa wako na saratani. Hakuna ushahidi kwamba vinasaidia. Dawa zinazotolewa ovyo huwafanya bakteria wawe sugu, na usugu huo haubaki kwenye banda la mbwa. Unaingia nyumbani, na siku moja ni mtoto wako atakayeihitaji dawa hiyo isifanye kazi.

Pili, pambana na kupe na viroboto kwa sababu ambazo tayari tuna hakika nazo. Kupe wa kahawia wa mbwa huleta homa iitwayo erlikia, ambayo inaweza kumuua mbwa. Dalili zake ni homa, kukataa chakula, kukonda, ufizi kupauka, na wakati mwingine damu kutoka puani. Ikigunduliwa mapema hutibika kwa doksisaiklini, kwa kawaida kwa majuma manne, kwa maagizo ya daktari wa mifugo.

Elewa maisha ya kupe huyu. Hukaa juu ya mbwa kwa siku chache tu. Muda mwingi yuko kwenye nyufa za ukuta, chini ya mbao za banda, na nyuma ya mapazia ikiwa mbwa analala ndani. Jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Ukimwogesha mbwa kwa dawa ukaliacha banda, umefanya nusu ya kazi. Ziba nyufa, choma au fua matandiko, na unyunyizie banda dawa inayofaa. Viroboto nao ni hivyo hivyo: mayai na mabuu wao wako sakafuni na kwenye matandiko.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiikadirie kwa macho. Ikizidi humdhuru mbwa, na chupa iliyoachwa wazi ni hatari kwa mtoto. Mafuta machafu ya gari na mafuta ya taa, ambayo wengine huwapaka mbwa, ni sumu, yaache kabisa. Ikiwa una paka pia, usimpake dawa ya mbwa yenye pemethrini, kwani inaweza kumuua. Kupe mmoja mmoja mng'oe kwa kibano karibu na ngozi. Usimponde kwa vidole.

Tatu, jifunze kuangalia ufizi wa mbwa wako akiwa mzima, ili uijue rangi yake ya kawaida. Siku utakayouona umepauka, au mbwa akianguka ghafla hata kama ameinuka baadaye, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa homa ya kupe inayotibika. Inaweza pia kuwa wengu umepasuka. Na hata hapo usikubali haraka auawe, kwani si kila uvimbe wa wengu ni saratani. Mbwa wengi hupatikana na uvimbe wa kawaida, na wakiondolewa wengu huendelea kuishi vyema bila huo. Jibu la hakika hutolewa na maabara baada ya kipande kuchunguzwa.

Nne, kwa familia yako. Hakuna ushahidi kwamba saratani ya mbwa humwambukiza mtu, kwa hivyo usimfukuze mbwa mgonjwa kwa hofu hiyo. Mkwaruzo wa paka au mbwa uoshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kuumwa na mbwa ni jambo jingine: baada ya kuosha kidonda kwa dakika 15, nenda hospitali bila kuchelewa kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Mtoto aliyekwaruzwa akivimba tezi za kwapani au shingoni na kupata homa, mwambie daktari kwamba kuna paka au mbwa nyumbani, maana asipoambiwa huenda asiwaze hilo. Anayeishi na virusi vya Ukimwi au anayetumia dawa za kupunguza kinga naye amwambie daktari wake kwamba anafuga wanyama, na ahakikishe hawana viroboto. Akiona vinundu vyekundu au vya zambarau kwenye ngozi asikate tamaa kabla havijapimwa, kwani huenda ni vile vinavyotibika kwa vidonge.

Watafiti wataendelea na kazi yao, na huenda siku moja watatuambia kwamba Bartonella ana hatia kamili, nusu hatia au hana kabisa. Mbwa wako hahitaji kuungoja uamuzi huo. Leo jioni, unapompa chakula, mfunue mdomo utazame ufizi, kisha pitisha mkono nyuma ya masikio na katikati ya vidole vyake. Hapo ndipo kupe hupenda kujificha.